Risasi mkononi: kupakia, kupakua na kukagua bila ajali

Saa kumi na mbili asubuhi, zamu zinabadilishana getini. Anayetoka ana usingizi, anayeingia bado ana baridi ya bodaboda vidoleni, na bunduki inapita kati yao ikiwa na risasi. Hakuna mwizi wala haraka, na kila mmoja anadhani mwenzake ameshakagua. Askari wa ulinzi, na raia mwenye leseni ya bastola pia, ajihadhari na dakika hizo mbili kuliko usiku mzima wa lindo.

Tengeni mahali pa kazi hii. Pipa la mchanga mkavu linatosha, kina chake kisipungue nusu mita, liwe na mfuniko mvua isiingie. Chekecha mchanga kwanza, maana kokoto hurudisha vipande vya risasi usoni. Pipa likae kando ya njia, pasipo na mlango au dirisha nyuma yake, na asisimame mtu upande wa pili. Kama hamna pipa, elekeza mtutu kwenye kichuguu au ukingo wa udongo. Ukuta wa tofali na sakafu ya saruji havifai, kwa kuwa risasi hudunda na kwenda kusikojulikana. Usielekeze juu pia. Kinachopanda hushuka, na Kampala imejaa mabati.

Sasa mpangilio wenyewe. Magazini, yaani kisanduku cha risasi, inatoka kwanza, halafu ndipo unakoki, yaani unavuta boliti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu). Ukigeuza, ukakoki kabla ya kutoa magazini, risasi moja inaruka nje na nyingine inapanda chemba (tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi) papo hapo. Unaiona ile iliyoanguka, moyo unatulia, unatoa magazini na kubonyeza kifyatuo "kuhakikisha". Bunduki inalia. Kosa hili linawapata hata wazoefu, kwa sababu mikono inafanya kitu kilekile kwa mpangilio mwingine, na sikio linasikia mlio uleule wa chuma.

Kwenye AK kuna jambo la kukumbuka: sefti (kizuizi cha usalama) ikiwa juu, boliti hairudi nyuma hadi mwisho, kwa hiyo huwezi kuitazama chemba vizuri bila kuifungua sefti. Maana yake bunduki ya aina hii inapakuliwa ikiwa haina kinga yoyote ila mwelekeo wa mtutu na kidole kilicho nje ya kifyatuo. Vuta mkono wa boliti hadi nyuma, ushikilie, tazama chemba, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uguse tundu lenyewe. Usiku macho hudanganya, kidole hakidanganyi. Tazama tena, achia boliti, rudisha sefti juu. SKS, bunduki nyingine ya Kirusi, kwa kawaida haina magazini ya kuchomoa: fungua kifuniko cha chini, risasi 10 zidondoke kwenye kiganja, ndipo ukague chemba. Shotigani ya kupampu hubeba risasi kwenye bomba lililo chini ya mtutu, na hapo hesabu ndiyo kila kitu. Ziliingia tano, zitoke tano, kisha pampu mara mbili zaidi na uguse chemba pamoja na mdomo wa bomba.

Simu ikiita katikati ya kazi, iache iite. Bosi akisalimia, mwambie, "Subiri kidogo, mzee," bila kugeuza mwili, kwa sababu ukigeuka mtutu unageuka nawe. Kama umekatizwa kwa vyovyote, anza tena toka hatua ya kwanza, usiendelee ulipodhani umefika. Mkono una kumbukumbu mbaya: unakuambia umeshakagua, kumbe ulikagua jana. Na ukipokea bunduki ambayo mwenzako amekagua mbele ya macho yako, ikague tena. Si dharau. Anayeona vibaya kukaguliwa ndiye wa kumkagua mara mbili.

Punguza pia mara unazogusa risasi bila sababu. Wapo wanaopakua na kupakia kila baada ya saa chache ili wasisinzie. Zaidi ya hatari ya wazi, wanaharibu risasi. Kila inapogonga mlango wa chemba, kichwa kinaweza kusukumwa ndani ya ganda. Kwenye bastola ya milimita 9, kuzama kwa milimita moja tu kunapunguza nafasi ya baruti na kupandisha sana mgandamizo, na mgandamizo ukizidi, ganda hupasuka karibu na mikono yako. AK na SKS nazo, pini ya kufyatulia inaelea bila springi katika bunduki nyingi za aina hizo, hivyo boliti inapofunga kwa nguvu pini hugusa fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) na kuacha alama ndogo. Alama moja ni kawaida. Risasi yenye alama tatu nne iweke kando. Na kama njia ya pini imejaa grisi nzito ya kiwandani, pini inaweza kukwama mbele, bunduki ikafyatuka yenyewe boliti inapofunga. Bunduki iliyotoka ghalani na grisi yake haiendi lindoni kabla fundi wa silaha hajaisafisha ndani.

Ukaguzi wa risasi ufanyike mchana, juu ya kitambaa cheupe. Zisimamishe zote kwa kitako mezani, uzitazame usawa wa jicho. Iliyo fupi kuliko wenzake imezama kichwa. Pitisha ncha ya kidole kwenye kila kitako: fataki iwe sawa na chuma au chini kidogo, na inayochomoza ikataliwe. Kataa pia ganda lenye ufa shingoni, lililobonyea, au lenye kutu ya kijani. Kijani hicho mara nyingi kinatoka kwenye mkanda wa ngozi. Tindikali ya ngozi hula shaba, na karibu na Ziwa Victoria unyevu unaiharakisha. Mkanda ni wa kubebea tu. Risasi zilale kwenye kopo la chuma lenye mpira kwenye mfuniko. Usizipake mafuta mepesi ya kulegezea kutu, yanaweza kupenya hadi kwenye fataki na kuiua. Zifute kwa kitambaa kikavu, basi. Ganda la shotigani lililovimba kwa maji nalo halifai: likikwama nusu chemba usiku, huna bunduki.

Saizi isomwe kwenye kitako, isikisiwe kwa macho. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu wa shotigani, na namba ikiwa kubwa risasi ni nyembamba. Risasi ya geji 20 kwa desturi ni ya njano, na kuna sababu. Ikitumbukizwa kwenye shotigani ya geji 12 inapita chemba na kukwama ndani ya mtutu. Mtu anaona chemba tupu, anaweka ya geji 12 nyuma yake, anafyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Usichanganye saizi hizo mfuko mmoja hata kwa muda mfupi. Bastola nazo: 9×19 na 9×18 ya Makarov zinafanana mkononi ila si kitu kimoja.

Ukibonyeza na isilie, usikimbilie kufungua. Fataki huweza kuchelewa. Shikilia mtutu kwenye mwelekeo salama, hesabu sekunde 30 polepole, ndipo uitoe huku uso ukiwa mbali na tundu la kutolea. Ikilia kwa mlio dhaifu, "puu", bila msukumo begani, acha papo hapo hata kama kuna mwizi mbele. Huenda kichwa kimebaki ndani ya mtutu, na risasi ya pili itagonga ya kwanza. Pakua, ondoa boliti, chungulia kutokea nyuma. Usipoona mwanga upande wa pili, bunduki hiyo ni ya fundi.

Mlio wa namna hiyo ni ugonjwa wa risasi zilizojazwa upya vibaya. Marekani watu wengi hujaza maganda nyumbani wakiwa na mizani ya kupima baruti, na hata wao, mtu akipiga soga akiwa kazini, anaweza kuruka ganda moja au kulijaza mara mbili. Uganda kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya 1970, kwa hiyo za kujazwa mtaani hazina mizani wala mwenye kuwajibika. Zitambue kwa mikwaruzo ya koleo shingoni, fataki za rangi mbalimbali, na maandishi ya kitako yasiyolingana katika pakiti moja. Usizinunue, usiazime.

Risasi mbovu usiitupe chooni, usiichome na takataka, usiifungue kwa koleo. Irudishe ghalani au polisi, iandikwe. Nyumbani, bastola ifungwe sanduku lake na risasi sanduku lingine, funguo ziwe mwilini mwako, siyo juu ya kabati. Watoto wanajua juu ya kabati. Baada ya kusafisha, nawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula, kwa ajili ya madini ya risasi (lead) yanayobaki vidoleni.

Mwisho wa zamu jaza daftari kwa tarakimu: zilizoingia, zilizotoka. Ziliingia 10 na mbele yako zipo 9? Usitie saini, wala usianze kutafuta chini ya kiti. Rudi kwenye pipa, fungua boliti, ingiza kidole chemba.