Jinsi ya Kupiga Kambi ya Wikendi Kando ya Ziwa Pamoja na Familia

Kambi ya kando ya ziwa hutofautiana na kambi ya msituni au ya mlimani kwa jambo moja kubwa: maji ndiyo yanayoamua karibu kila kitu, kuanzia mahali pa kusimamisha hema hadi upande wa kuwashia moto. Katika kazi yangu ya kuongoza familia kwenye safari za namna hii, nimeona kwamba wazazi wengi hujitahidi sana kukusanya vifaa, lakini hawatengi hata nusu saa ya kulichunguza ziwa lenyewe kabla ya kushusha mizigo. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi kwa familia yenye watoto itakayolala nje usiku 2.

Hatua ya 1: Uliza habari za ziwa kabla ya kufunga mizigo

Wasiliana na wasimamizi wa eneo, au wenyeji wanaolitumia ziwa kila siku, uulize kama kupiga kambi na kuwasha moto kunaruhusiwa, kama watu huogelea, na kina kinaongezeka kwa namna gani. Katika nchi za joto, uliza waziwazi kuhusu kichocho, kwa maana vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, hata kama maji yanaonekana safi kabisa. Pale penye mamba, hakuna kuogelea wala kuteka maji ukingoni. Na penye viboko, fahamu kwamba wanyama hao hutoka majini usiku kwenda malishoni, kwa hiyo hema halipaswi kuwa karibu na njia zao. Ukipata jibu la kutia shaka kuhusu lolote kati ya haya, chagua ziwa lingine.

Hatua ya 2: Andaa vifaa kwa kuzingatia unyevu

Hema linaloandikwa kuwa la watu 4 huwatosha watu 4 waliolala bega kwa bega bila mizigo, hivyo familia ya watu 4 ihesabu hema la watu 6. Lisimamishe nyumbani kwanza, ili kasoro za zipu na nguzo zijulikane mapema. Kila mtu awe na godoro jembamba au mkeka mzito wa kumtenga na ardhi, kwa kuwa baridi ya usiku hutoka chini kuliko juu, na nguo za kulalia zifungwe katika mfuko usiopenya maji. Beba pia filimbi, tochi kwa kila mtu, sanduku la huduma ya kwanza, na jaketi la kuokolea maisha linalolingana na uzito wa kila mtoto.

Hatua ya 3: Fika mapema na uchague mahali pa hema

Panga kufika angalau saa 3 kabla ya jua kuzama. Kabla ya kushusha chochote, tembea ufukweni ukitazama mstari wa majani makavu, vijiti na takataka uliosukumwa na mawimbi, kwa sababu mstari huo unaonyesha mahali ambapo maji yaliwahi kufika. Hema likae juu yake, na umbali wa mita 60 hivi kutoka ukingoni. Najua kila familia hutamani kufungua zipu asubuhi na kukutana na maji mlangoni, lakini umbali huo una faida nyingi: mbu na umande hupungua, wanyama wanapata njia ya kwenda kunywa maji, na mtoto anayeamka usiku hawezi kufika majini kwa hatua chache.

Zingatia upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa haraka, na upepo hugeuka kuelekea ziwani. Jiko lililowekwa kati ya hema na maji huweza kuujaza moshi hemani mchana kutwa, na lile lililowekwa nyuma ya hema hufanya hivyo usiku. Mimi huliweka ubavuni, sambamba na ufukwe. Epuka pia mabonde madogo, ambako hewa baridi hutuama na maji ya mvua hukusanyika, na usilale chini ya mti wenye matawi makavu.

Hatua ya 4: Simamisha hema

Ondoa mawe na vijiti, kisha tandika turubai la chini likiwa dogo kidogo kuliko sakafu ya hema. Likijitokeza nje hukinga maji ya mvua na kuyapeleka chini ya magodoro. Upande mwembamba wa hema uelekee upepo wenye nguvu. Vigingi vipigwe vikiwa vimeinama, vichwa vyake vikielekea mbali na hema, na kamba zote zikazwe hata kama hali ya hewa ni tulivu, kwa kuwa upepo wa ziwani hauna kizuizi. Acha matundu ya hewa wazi usiku, la sivyo pumzi za watu zitageuka matone ya maji ndani ya kuta.

Hatua ya 5: Weka utaratibu wa maji kabla mtoto hajavua viatu

Hii ndiyo hatua ninayoomba isipunguzwe hata kidogo. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mikono. Hupotea kimya, ndani ya dakika chache, mara nyingi watu wazima wakiwa karibu na kila mmoja akidhani mwenzake anamtazama. Dawa yake ni zamu. Mtu mzima mmoja avae filimbi shingoni, na muda wote aliyonayo asipike, asisome, asishike simu. Baada ya dakika 20 aikabidhi kwa mwingine kwa mkono na kwa kutamka kwamba zamu imehama. Watoto wadogo wasiojua kuogelea wawe umbali wa mkono wake.

Mtu mzima aingie majini kwanza kupima kina na kutafuta mahali ambapo sakafu ya ziwa hukatika ghafla, kisha aweke alama za mpaka. Maboya ya mikononi na matairi ya kujazwa upepo si vifaa vya usalama, na upepo unaovuma kutoka nchi kavu huweza kuyasukuma pamoja na mtoto hadi kilindini. Maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika yasiguswe kabisa, wala yasinywewe hata baada ya kuchemshwa, kwa maana moto hauondoi sumu ya mwani huo. Ngurumo ikisikika, wote watoke na kuingia ndani ya gari au jengo, na wasirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hema halikingi radi.

Hatua ya 6: Jiko na maji ya kunywa

Maji ya ziwa yaliyo safi machoni yachemshwe hadi yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 ikiwa mko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Nyama igandishwe nyumbani na ipikwe usiku wa kwanza. Vyombo vioshwe mbali na ziwa, na maji machafu yamwagwe ardhini, kwa kuwa hata sabuni inayooza hudhuru viumbe vya majini.

Hatua ya 7: Kujiandaa kwa usiku

Funga zipu kabla ya giza kuingia, mbu wanapoanza kutoka. Chakula kisibaki hemani. Jiko la mkaa au la gesi lisiingizwe ndani kwa ajili ya joto hata dakika moja, kwa sababu kaboni monoksaidi haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Mtu mzima alale karibu na mlango, na watoto waelezwe kwamba hakuna anayetoka peke yake.

Hatua ya 8: Kuvunja kambi

Mwagia moto maji, koroga majivu, mwagia tena, kisha pitisha mgongo wa mkono juu yake. Ukihisi joto, rudia. Mtu wa zamu aendelee kuvaa filimbi hadi watoto wote wawe ndani ya gari, kwa kuwa wakati wa kufunga mizigo ndipo macho hutawanyika zaidi. Hema lililofungwa likiwa bichi litandazwe tena siku hiyohiyo mkifika nyumbani, kabla ukungu haujaanza kulila.