Namna ya Kusafisha na Kutunza Viti vya Ngozi vya Gari katika Hewa ya Tanga

Anayetaka kujua kama viti vya ngozi vya gari lake ni safi asitazame mng'aro. Kwa kawaida ngozi ya gari ikiwa mpya haimetimeti. Ule mng'aro unaojitokeza kwenye kiti cha dereva baada ya miaka kadhaa, hasa pale mgongo na mapaja yanapoegemea, ni jasho, mafuta ya mwili na vumbi vilivyogandamana na kusuguliwa hadi vikawa kama vanishi. Mjini Tanga, ambako unyevu wa bahari hauliachi jasho likauke upesi, uchafu huo haukawii kujijenga, na wenye magari wengi huufurahia wakidhani kiti kimependeza.

Jambo la kufahamu kabla ya kushika kitambaa ni kwamba katika magari mengi tunayoendesha, mkono haugusi ngozi yenyewe. Juu ya ngozi pana rangi, na juu ya rangi pana utando mwembamba wa plastiki unaoikinga. Utando huo ndio unaosafishwa, na ndio unaotangulia kuharibika. Ili kuhakikisha, dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya mto wa kichwa. Likisimama kama umande juu ya jani la mgomba, utando upo. Likinywewa na kuacha doa jeusi, basi ngozi hiyo haina utando au utando umekwisha, na hapo maji mengi yatazidisha madhara. Fahamu pia kwamba katika magari mengi ngozi halisi iko pale tu mwili unapokaa, na sehemu za pembeni na mgongoni mwa kiti ni ngozi ya bandia, ambayo nayo husafishwa kwa njia hii hii.

Kazi ifanyike kivulini, asubuhi kabla jua halijakolea au baada ya alasiri, kiti kikiwa kimepoa, kwa sababu kwenye kiti cha moto sabuni hukauka kabla haijafutwa na kuacha mabaka. Anza kwa kufyonza vumbi na mchanga, ukiipanua mishono kwa vidole ili kufikia ndani. Usiirukie hatua hii. Mchanga wa ufukweni ukibaki kwenye mshono kisha ukapitisha brashi yenye maji, umegeuza brashi yako kuwa msasa.

Kuhusu sabuni, ngozi iliyotengenezwa kiwandani ina asili ya uchachu kidogo, ilhali sabuni ya mche na ya unga zina ukali wa kinyume chake, na zikirudiwarudiwa huilegeza rangi na kuikakamaza ngozi. Tumia sabuni maalumu ya ngozi ya gari. Ikikosekana, matone machache ya shampuu ya watoto katika lita moja ya maji yanatosha. Spiriti, asetoni, dawa ya madoa yenye klorini na petroli visikaribie kiti, maana doa huondoka pamoja na rangi. Tupo katika nchi ya mkonge, lakini brashi ya katani iache kwa ajili ya sakafu. Inayofaa hapa ni brashi mpya ya nywele laini, ya aina ile ya kung'arishia viatu.

Povu liweke kwenye brashi, si kwenye kiti. Shughulikia sehemu ndogo, yapata sentimeta 30 kwa 30, ukizungusha brashi bila kukandamiza, kisha futa papo hapo kwa kitambaa chepesi kabla uchafu ulioinuka haujarudi kwenye mikunjo. Kitambaa kikitoka na rangi ya chai, endelea. Kikitoka na rangi ya kiti chenyewe, acha mara moja. Malizia kwa kitambaa kingine kilicholoweshwa maji safi na kukamuliwa sana, halafu kausha. Viti vyenye vitundu vidogo visimwagiwe wala kupuliziwa kitu chochote moja kwa moja, kwani maji hupenya hadi kwenye sponji, na katika baadhi ya magari chini yake kuna nyaya za kupasha kiti joto.

Hapa nieleze kosa langu. Miaka iliyopita niliacha gari sehemu moja ya kuoshea magari, na kijana akanishauri viti vipakwe mafuta ya nazi ili ngozi "inywe". Siku hiyo viti vilipendeza kweli. Masika yalipoingia na gari likakaa siku kadhaa madirisha yamefungwa, ukungu mweupe ulitambaa juu ya mishono yote kama unga uliomwagika, na ndani mlinuka nazi iliyochacha. Mafuta ya kupikia hayapenyi utando. Hubaki juu, huchacha, hukamata vumbi na kuwa chakula cha ukungu.

Ukungu ukitokea, fungua milango yote, funika pua na mdomo, uondoe kwanza ukiwa mkavu kwa brashi laini, kisha futa kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, baada ya kuijaribu mahali palipojificha. Halafu tafuta chanzo chake, kwa kuwa mara nyingi kapeti imelowa chini au mpira wa mlango unavujisha. Msimu wa mvua, kuwasha kiyoyozi kwa dakika chache kila siku husaidia kukausha hewa ya ndani.

Losheni ya kukinga ipakwe baada ya kiti kukauka kabisa. Kiasi cha sarafu ya shilingi 200 kwenye sponji kinatosha eneo la kukalia. Iache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha ifute hadi kiti kisiteleze. Kwa ngozi yenye utando, losheni hiyo hailishi chochote, japo matangazo husema hivyo. Kazi yake ni kupunguza msuguano na kuzuia uchafu, pamoja na rangi ya jinzi au kanga mpya, usishike. Kuirudia kila baada ya miezi mitatu kunafaa, na katikati ya hapo futa viti kila wiki kwa kitambaa chenye unyevu.

Aliyetoka kuogelea Raskazone atandike taulo kabla ya kuketi, kwa sababu chumvi ikikauka kwenye mshono huvuta unyevu tena na tena. Jua nalo, kwa mji ulio nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, hukausha ngozi na kuchujua rangi ya viti; weka kinga ya kioo cha mbele kila unapoegesha mahali pasipo na kivuli.

Sehemu inayopasuka mapema ni ule ukingo ulioinuka wa upande wa mlango, ambao dereva huuburuza kila anaposhuka. Ufa ukishatokea haufungwi na mafuta ya aina yoyote. Fundi viti ndiye atakayeujaza na kuupaka rangi upya. Lakini kama pembeni mwa kiti pana kibandiko kinachoonyesha kwamba mna mfuko wa hewa wa usalama, mwambie asiushone upya mshono huo kwa uzi wa kawaida, wala usivalishe kiti hicho kava la kubana, kwa kuwa mshono huo umetengenezwa ufumuke wenyewe siku ya ajali.