SOMO: Kuchora wapendanao kama wa Klimt, na dhahabu ikae

Wadau, meseji zote ni swali lilelile: nitachoraje wapendanao kama wa Klimt, na dhahabu ikae? Naweka uzi, nisiulizwe tena.

1. Turubai iwe ya mraba. "Busu", mchoro wa wapendanao wa Gustav Klimt, mchoraji wa Austria (1907–08, upo jumba la makumbusho la Belvedere, Vienna), ni sm 180 kwa 180. Wewe anza na 60.

2. Usichore watu wawili kisha ukawasogeza. Chora mstari mmoja wa nje unaowazunguka wote, ndipo utafute nyuso na mikono humo ndani. Uso wa mwanamume Klimt ameuficha karibu wote, kwa hiyo wanaoogopa nyuso wamebakiwa na mmoja tu.

3. Ngozi na maua: rangi ya akriliki. Ikauke hadi kesho.

4. Dhahabu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Karatasi za dhahabu bandia ni shaba na zinki. Chini yake paka kwanza rangi nyekundu ya udongo, kisha gundi yake maalumu, nyembamba. Gundi ya maji hupakwa ikiwa nyeupe kama maziwa. SUBIRI iwe angavu, inate bila kutoka na kidole. Ukiwahi, karatasi inazama na mng'ao unakufa. Zima feni. Karatasi usiishike kwa vidole vya jasho, alama zitageuka nyeusi. Bandika, kandamiza kwa brashi laini, fagia mabaki. Kesho yake vanishi, la sivyo shaba itafifia.

5. Mapambo: joho la mwanamume mistatili, gauni la mwanamke miduara na maua.

MASWALI

Fundi_Mchanga: Mkuu, gundi inasubiriwa muda gani?
— Hatua ya 4.

Kobe73: Nimetumia gundi ya mbao, imekunjamana yote. Somo lako halifai.
— Gundi ya mbao nimeiandika wapi?

Zuhura_Rangi: Kwa nini mistatili kwa mmoja na miduara kwa mwingine?
— Swali zuri, dada. Dhahabu inawaunganisha mno. Bila mapambo tofauti usingejua nani anaishia wapi. Edvard Munch, mchoraji wa Norwe, kwenye "Busu" lake la mwaka 1897 alitaka hasa usijue: nyuso mbili zimeyeyuka zikawa moja. Magritte, mchoraji wa Ubelgiji, 1928, wapendanao wake akawafunika vichwa kwa kitambaa na bado wanabusiana. Na hii dhahabu Klimt hakuiokota njiani: baba yake alikuwa mchonga nakshi za dhahabu, na mwaka 1903 Klimt mwenyewe alikwenda Ravenna, Italia, kuona mozaiki za dhahabu (picha za vipande vidogo vilivyopangwa ukutani).

Zuhura_Rangi: Asante. Dhahabu yangu kwenye picha ya simu inatoka kahawia.
— Zima flashi. Simama pembeni, mwanga wa dirisha uje kwa mshazari.