Kuandaa stanti ya skeitibodi kwa ajili ya kamera, Dar es Salaam

Bam Margera, mchezaji wa skeitibodi (ubao wa magurudumu manne) wa Marekani, na wenzake wa West Chester, Pennsylvania, hawakusubiri kuitwa na kituo cha televisheni. Kabla Jackass, kipindi chao cha stanti, yaani vitendo vya hatari, haijaanza kurushwa na MTV mwaka 2000, walikuwa tayari wamejirekodi mtaani kwao na kusambaza kanda zao wenyewe. Rob Dyrdek naye alikuwa mchezaji wa skeitibodi wa kulipwa tangu akiwa na miaka 16, muda mrefu kabla ya kuonekana akiendesha kipindi cha Ridiculousness mwaka 2011. Anayetaka njia hiyo hapa Dar ajue mpangilio wake: kwanza ubao, kisha video, televisheni baadaye. Na kabla ya vyote, ajue kuanguka.

Ubao unaofaa jiji hili

Chukua ubao wa mbao za maple wenye upana wa inchi 8 hadi 8.5. Ule wa plastiki unaouzwa kama mchezo wa watoto haufai kuruka. Hupinda katikati na traki zake, yaani zile ekseli za chuma chini ya ubao, huvunjika. Magurudumu ndiyo yanayowachanganya wengi. Ya kurukia ngazi huwa ya milimita 50 hadi 54 na ugumu wa 99A (namba ikiwa kubwa, gurudumu ni gumu zaidi). Hayo ni mazuri kwenye zege laini au sakafu ya uwanja wa kikapu, lakini kwenye pevingi za vibarazani yanatetemesha miguu mpaka unapoteza mwendo. Kama utafanya mazoezi mtaani, weka ya milimita 56 hadi 60 yenye ugumu wa 78A hadi 87A, na yale magumu yasubiri siku ya kurekodi.

Beringi ni namba 608: tundu la milimita 8, upana wa nje milimita 22, unene milimita 7. Ukienda Gerezani au Kariakoo itaje kwa namba hiyo. Hewa ya chumvi na mchanga huziua haraka, hasa ukipita karibu na Coco Beach. Zikianza kukwaruza, toa kifuniko, zioshe kwa spiriti, ziache zikauke kabisa, kisha tia tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Usitie grisi nzito, inashika vumbi. Wala usiendeshe kwenye maji ya mvua: kutu huanza usiku huohuo.

Nati za ubao ni za vipimo vya inchi. Ile kubwa ya katikati ya traki ni 9/16, ya gurudumu ni 1/2, na za bolti ndogo ni 3/8. Spana ya 13 inakaa vizuri kwenye nati ya gurudumu. Kaza nati ya gurudumu mpaka mwisho, kisha ilegeze kidogo ili gurudumu lizunguke huru na kucheza kwa unywele tu. Bushi za mpira zilizo ndani ya traki zikikatika pembeni zibadilishe, kwa sababu ubao utaanza kugusa gurudumu wakati wa kutua, gurudumu litasimama ghafla, na wewe utaendelea mbele peke yako.

Kuanguka

Hapa usiwe na haraka. Jeraha la kawaida la mwanzoni ni kifundo cha mkono, na sababu yake ni moja: mtu ananyoosha mkono wima kuzuia ardhi. Mkono ulionyooka haupunguzi nguvu, unaipeleka yote kwenye mifupa midogo ya kiganja. Ukipata maumivu kwenye kibonde kilicho chini ya kidole gumba, usiyapuuze hata kama picha ya eksirei haioneshi kitu. Mfupa ule unaweza kuwa umepasuka bila kuonekana siku za mwanzo, ndiyo maana daktari hufunga mkono na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14.

Anza kwenye nyasi au mchanga, bila ubao. Kunja magoti, kidevu kifuani, viwiko vimekunjwa, kisha jiviringishe kutoka bega moja kwenda nyonga ya upande wa pili. Uti wa mgongo usiguse chini moja kwa moja. Fanya ukiwa umechuchumaa, halafu ukitembea, halafu ukikimbia taratibu. Fanya pande zote mbili, kwa kuwa ubao hauchagui upande wa kukutupa. Likishakuwa jambo la mwili bila kufikiri, nenda kwenye zege na pedi za kukinga magoti na viwiko.

Zipo namna tatu za kutoka kwenye mruko ulioharibika. Ukijua mapema, ukiwa bado hewani, teleza ubao pembeni kwa mguu mmoja na utue kwa miguu miwili, hatua mbili tatu za kukimbia. Ukijua umechelewa, viringika. Kwenye rampu yenye mteremko laini na ukiwa na pedi zenye kombe gumu la plastiki, serereka kwa magoti. Mtu hutegukia pale anapositasita: mguu mmoja juu ya ubao, mwingine chini. Amua mapema, kubaki au kutoka.

Kofia iwe ya skeitibodi, yenye alama ya kiwango cha usalama, ASTM F1492 au EN 1078. Ya bodaboda ni nzito, inavuta shingo na inaziba masikio. Ukigonga kichwa na ukaumwa kichwa, ukachanganyikiwa au ukatapika, kazi ya siku hiyo imekwisha hata kama kamera zinasubiri, nenda hospitali. Kwa kifundo cha mguu kuna kipimo rahisi: usipoweza kukanyaga hatua nne, unahitaji eksirei. Tujue pia mapema nani ana gari na njia ya kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, maana foleni ya jioni haina huruma.

Rampu ya karatasi moja ya plaiwudi

Nunua karatasi ya plaiwudi ya marini ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18. Ikate katikati upate vipande viwili vya sentimita 122 kwa 122. Kimoja ni uso wa rampu. Cha pili kikatwe mistatili miwili ya sentimita 30 kwa 118, na kila mmoja upasuliwe kwa mshazari. Hapo una pembetatu nne za kubeba. Zisimamishe kwa umbali wa sentimita 40 hivi, ziunganishe kwa vipande vya mbao 2x4, kisha funga uso kwa skrubu za inchi moja na nusu kila baada ya sentimita 20, vichwa vizame chini ya uso. Usitumie misumari, mtetemo unaitoa. Mteremko ni kama digrii 14, na unampa mtu mwenye mwendo wa kawaida urefu wa kutosha kujifunza.

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni ukingo wa chini. Unene wa milimita 18 ni ukuta kwa gurudumu dogo. Mwombe fundi wa kuchomelea wa Gerezani akupindie bamba la chuma la milimita 2, upana wa sentimita 25, liunganishe sakafu na uso. Pitisha rangi ya mafuta kwenye kingo zote za plaiwudi kabla ya masika, la sivyo zitavimba na skrubu zitalegea. Weka mfuko wa mchanga kila upande ili rampu isirudi nyuma unapopiga.

Ngazi tatu, kwa hesabu

Ukianguka kutoka nusu mita unafika chini kwa kasi ya mita 3.1 kwa sekunde. Kutoka mita moja, mita 4.4. Nishati inayopiga magoti inaongezeka mara mbili. Ndiyo maana mtu hupanda ngazi moja moja, siyo kutoka tatu kwenda nane kwa sababu rafiki anarekodi. Kwa ngazi tatu za kawaida, pima mita 10 za kukimbilia na mtu ashike saa. Ukizimaliza mita hizo juu ya ubao kwa sekunde tatu una mwendo unaotosha kuvuka na kutua mbele ya ngazi ya mwisho. Mwendo mdogo ndio unaokuangusha kwenye kona ya ngazi, na hapo ndipo goti linapoumia. Fagia njia ya kukimbilia na ya kutua; kijiwe cha ukubwa wa mbegu ya mpapai kinatosha kusimamisha gurudumu.

Kurekodi

Pigeni picha kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, ikiwezekana Jumapili. Zege bado limepoa na mitaa ya Posta ina nafasi. Simu ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi hupata ukungu. Iache nje dakika kumi. Rekodi kwa fremu 60 kwa sekunde, kamera moja chini karibu na ngazi, nyingine mbali pembeni ili urefu uonekane. Usikate mpaka mchezaji ameondoka kabisa, maana mruko usio na mwondoko hautaaminiwa na mtu yeyote anayejua. Mtu mmoja asiyeshika kamera alinde waendao kwa miguu na magari.

Omba ruhusa ya mwenye jengo kwa maandishi. Kazi ya kibiashara inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, na droni ina ruhusa yake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mwenye umri chini ya miaka 18 aje na sahihi ya mzazi.

Kituo kikikuita, peleka video ya dakika moja yenye miruko yako bora mitatu na anguko moja ulilolimudu. Mwongozaji makini atataka kuona unavyoanguka. Kabla ya kusaini, mkataba uoneshe nani analipa hospitali, nani analipa siku za kupona, idadi ya majaribio kwa siku, na kwamba ukisema basi hakuna anayekukata malipo.