Somo: Kupanga bustani ya mawaridi, anza na mtindo kabla ya miche

Habari zenu wapenda bustani. Wengi wetu hununua miche kwanza, ndipo tutafute pa kuipanda. Mtindo ndio unaoamua nafasi, rangi, hata namna ya kupogoa. Somo hili limewalenga hasa walio nyanda za juu: Limuru, Lushoto, Njombe.

Hatua ya 1. Tafuta sehemu inayopata jua saa 6 kwa siku, hasa la asubuhi linalokausha umande mapema. Pigia vigingi na kamba, kisha pita humo kabla ya kuchimba.

Hatua ya 2. Chagua mtindo.

*Rasmi:* vitalu vya mraba, njia nyoofu, kila kitalu rangi moja. Panda kwa nafasi ya sentimita 60 hadi 75 kati ya mche na mche. 'Iceberg', waridi jeupe lililotolewa na Kordes wa Ujerumani mwaka 1958, linafaa sana kwa kuwa huchanua kwa vishada.

*Mchanganyiko wa Kiingereza:* mawaridi katikati ya lavenda na rozmari, ambazo huficha mashina yaliyo wazi. Acha sentimita 90.

*Ya kutambaa:* huu ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio unaoharibiwa zaidi. Watu huacha matawi yapande wima, maua yote yakaishia juu ya paa. Tawi likisimama, chipukizi la kileleni huyazuia ya chini. Lilaze ubavu kwenye waya au uzungushe kwenye nguzo, ulifunge kwa kamba ya katani bila kulikaza. Macho mengi yaliyolala, yaani vichipukizi vidogo vilivyo kwenye tawi, yataamka, na kila moja litoe kikonyo chake cha maua.

Hatua ya 3. Chimba shimo la sentimita 50 kila upande, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Hatua ya 4. Kata vikonyo kila maua yakinyauka. Kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili katikati ya mmea pabaki wazi, hewa ipite.

MASWALI

*Mwalimu, niko Dar. Joto hili litaniruhusu?*
Litakuruhusu, dada, ila maua yatakuwa madogo na hayatadumu. Tafuta kivuli kuanzia saa 8 mchana, weka matandazo, mwagilia shinani asubuhi.

*Shikamoo mwalimu. Niko Muscat, nataka lile waridi la Jabal Akhdar, la marashi, nilipande uani.*
Marahaba. Lile limezoea mlima wa mita 2,000 hivi na usiku wenye baridi, tena huchanua msimu mmoja tu, kama mwezi wa Aprili. Uani kwako litakusononesha. Chukua aina yenye harufu inayochanua mara kwa mara.

*Majani yana madoa meusi, yanageuka njano na kupukutika.*
Huo ni ukungu. Okota yote yaliyoanguka uyachome, usiyatie kwenye mboji. Acha kumwagia maji juu ya majani. Je, umepanda kwa nafasi gani? Tupia picha ya kitalu chote tuone.