Namna ya Kumsaidia Jirani Anayeacha Ulevi Asipoteze Chumba Chake

Jirani wa ploti anapoamua kuacha pombe au heroini, anzeni na hospitali kabla ya ahadi na maombi, kwa kuwa mnywaji wa miaka mingi akikatiza pombe ghafla anaweza kupatwa na degedege na hata kufariki. Hospitali ya Mathari, Nairobi, hutibu uraibu, na namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo. Anayeanzishiwa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, huinywa kliniki kila siku mbele ya mhudumu, hivyo chama chenu kinaweza kubeba nauli ya matatu, gharama ambayo wengi huisahau.

Kodi ndiyo kazi kubwa. Wawili kati yenu wamwone mwenye nyumba kabla mlango haujapigwa kufuli, wakubaliane naye malimbikizo yalipwe kidogo kidogo, kisha mtume pesa moja kwa moja kwa M-Pesa ya mwenye nyumba na kuhifadhi ujumbe wa malipo. Kumkabidhi mgonjwa noti mkononi katika majuma ya kwanza ni kumtwika jaribu asiloliomba. Akiteleza, mrudisheni kliniki siku hiyo hiyo, na kodi iendelee kulipwa.