Unalala gesti ndogo Pemba? Chai ya asubuhi inaanza jioni

Haya, kuna watu kila siku wananiuliza mie nikenda Pemba nafikia wapi na nakaa vipi, maana kazi yangu inanipeleka Wete kila baada ya miezi miwili mitatu na silali kwenye mahoteli ya ufukweni, nalala gesti za mjini, zile nyumba za watu zenye vyumba vinne vitano, mwenyewe anakaa hapohapo chini au nyumba ya nyuma, na bei ni chumba pamoja na chai. Basi naandika mara moja, wa Unguja someni na wa bara someni.

Cha mwanzo piga simu. Hata kama umeshabuk kwenye app na umepata meseji ya kukubaliwa, wewe piga tu, halafu piga tena siku unayosafiri. Mie nimeshatoka na boti nikashuka bandari ya Mkoani, nikapanda daladala ya 603 mpaka Chake Chake, pale nikangoja weee ya 606 ya kwenda Wete ijae ndo tukaondoka, nafika Wete giza limeingia, napiga hodi naambiwa chumba kishapewa mtu. Yule kijana wa mapokezi ndo kwanza anaiona buking yangu kwenye simu mbele ya macho yangu, bando lake lilikwisha tokea jana. Sikugombana kwa sababu walinipa kochi la sebuleni na chandarua bure, lakini tokea siku ile napiga simu. Na ukiwa unakwenda msimu wa karafuu piga mapema zaidi, wachumaji wanatoka mpaka Unguja, wenyeji wenye mikarafuu yao wanarudi, vyumba vinajaa.

Kwenye hiyo simu uliza mawili matatu: maji yanatoka muda wote au kwa zamu, feni ipo au AC, na wanapokea malipo kwa simu au pesa taslimu. Pesa toeni Chake mkipita, msisubiri mpaka mfike. Na mkenda mke na mume chukueni kopi ya cheti cha ndoa. Siyo gesti zote zinauliza ila zipo zinazouliza, hasa mkiwa Waswahili wenzao, na hapo hakuna cha kuanza kusema "kwani nyie polisi", ndo utaratibu wa nyumba yao. Kitambulisho ndo usiseme, kila pahala utaandikwa kwenye daftari.

Ukifika, mlango hata ukiwa wazi usiingie tu kama unaingia benki. Piga hodi, ngoja uitikiwe karibu, viatu vua nje pale ulipoona viatu vya wenzio, mtu mzima mpe shikamoo yake ndo uje na habari za chumba. Nimeona vijana wanaingia na begi la matairi linapiga kelele kwenye sakafu, simu sikioni, "nina buking", basi mama anawatazama tu. Chumba watapata, sikatai, ila ile raha nyingine yote ndo wameshaikosa hapo mlangoni.

Maana raha yenyewe ni chai, na chai ya gesti ndogo inapangwa jioni ya kuamkia. Hapa ndo wageni wengi wanakosea. Hakuna mtu ndani anayekaanga mayai tokea saa kumi na mbili anakusubiri wewe uamke, kuna mama mmoja mwenye watoto wa skuli na unga wake, na usipomwambia kitu atakutengenezea kile anachodhani wageni wanakipenda, yani boflo, mkate ule wa dukani, yai na ndizi. Siyo vibaya, lakini jikoni kwake, kwa ajili ya watu wake, kuna mbaazi za nazi na mkate wa kusukuma, na wewe unakula boflo kavu unasikia harufu tu inapita!

Kwa hiyo jioni, kabla hawajalala, nenda kamuulize mwenyewe: "Mama, asubuhi nyumbani mnakunywa chai na nini?" Usiulize menyu, uliza hivyohivyo. Siku ya kwanza kumuuliza mama wa pale ninapofikia alicheka akasema wewe utaweza vya kwetu, nikamwambia mie mtoto wa Ng'ambo, hapo mjini Unguja, nitashindwa nini. Asubuhi yake nikakuta sinia limefunikwa kawa, nafunua, vitumbua vya moto vile vya pembeni vimekauka kidogo katikati bado laini, mbaazi tui zito limeganda juu, na chupa ya chai ya mkandaa, yani ya rangi isiyo na maziwa, yenye tangawizi na karafuu mpaka inakuwasha koo. Sijaila tena boflo ile nyumba.

Na mwambie saa. Hili nalitilia mkazo kwa sababu lilinikuta. Siku moja nilitaka kwenda msitu wa Ngezi na kupita mpaka Vumawimbi, nikaondoka alfajiri kimyakimya nikijiona mstaarabu, sitaki kumsumbua mtu. Narudi saa kumi alasiri, mavumbi mpaka kwenye nyusi, nakuta sinia langu liko palepale mezani na kawa lake. Mama anasema kwa upole kabisa, "chai yako hiyo baba, nilijua utarudi." Vitumbua vimepoa vimekuwa vigumu kama soli, na yeye kakaa kiti cha pili anapepeta mchele ananitazama. Nilikula vyote sita. Kumbe angejua jioni angenifungia kwenye mfuko na chai kwenye chupa, wala siyo usumbufu, usumbufu ni kukoroga unga wa mtu asiyekuwepo.

Ramadhani ni hesabu nyengine. Mchana usitegemee kitu na usile barabarani, ile chai yako inageuka kuwa futari au daku, na kama hufungi kwa sababu yoyote mueleze mwenyewe taratibu, mara nyingi atakuwekea chumbani. Ila futari ya Pemba usiikimbie jamani, kaa nao.

Mambo madogo ya chumba nayapitisha haraka. Fungua bomba mara tu ukiingia, likitoka maji jaza ndoo hapohapo hata kama huogi, kata ya kuchotea utaikuta. Nimeshabaki na sabuni usoni nikaita watu kwa jina la Mungu. Umeme afadhali sana tokea waya wa baharini ulipoletwa kutoka Tanga 2010, enzi za majenereta waliokuwepo watawasimulia, lakini unakatika, na tukuza, ndo luku ya kwetu Zanzibar, nayo inaisha kama kwako tu, basi tochi na pawabenki viwe karibu. Chandarua kichungulie tundu kabla ya kulala. Malapa beba yako. Adhana ya alfajiri utaisikia, usihangaike kuomba chumba kilicho mbali na msikiti, Wete ukitaka kuwa mbali na msikiti utalala baharini. Na ukitoka chumbani kwenda sebuleni vaa, tena vaa vizuri, ile ni nyumba ina watoto na wazee na wageni wao wa barazani, kaptura ya kulalia iache kitandani.

Kama kitu hukupenda, shuka lina doa, feni inapiga kelele, mwambie mwenyewe wakati uleule na kwa sauti ya chini. Mie siwaelewi watu wanaonyamaza siku tatu halafu wanakwenda kumwaga nyota moja kwenye app, yule mama wala hana hiyo app.

Siku ya kuondoka lipa jioni ya kabla, maana gari za kuwahi boti zinatoka mapema na asubuhi chenji haipatikani. Chai ya safari nayo iseme hiyo jioni. Utapewa na zawadi, usikatae, mie nishapewa ndizi, halua, siku nyengine kifurushi cha karafuu za kutilia chai, kiganja kimoja. Hicho kiganja bebeni kwa amani, lakini msije mkatiwa tamaa na mtu nje mkanunua gunia la karafuu kwa bei poa, mnunuzi wa karafuu ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na magendo ya karafuu ni kesi, bandarini mabegi yanafunguliwa.